Jibu: Tumbane vipi mgombea kuhusu kiwanda kipya?

Ndugu, umeuliza mgombea akija na habari za kiwanda mumbane vipi. Msimuulize kama anapenda mazingira, wote husema ndiyo. Mwambieni aonyeshe ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, kisha aeleze kwa Kiswahili moshi utaelekea wapi, majitaka yatamwagwa wapi na nani atayapima. Watu wa Lamu walishikilia maswali kama haya kuhusu mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na Juni 2019 baraza la kitaifa la kuamua kesi za mazingira likafuta leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya kusimamia mazingira Kenya, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Akidai ripoti ni siri, mtajieni Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya, kinachompa raia haki ya kupata habari. Na mumrekodi kwa simu anapojibu.