Maswali ya Wasomaji: Kontroli Boksi ya Pili Imekufa

SWALI: Shikamoo fundi. Ninatumia Toyota Corolla ya mwaka 2003, enjini ya 1ZZ ya lita 1.8, gia otomatiki, kwa safari za kila siku kati ya Boma Ng'ombe na Arusha. Mwezi uliopita taa ya chek enjini iliwaka, gari likaanza kumisi na kutetemeka, na mashine ya kupimia ikaonyesha P0303, yaani silinda ya 3 inamisi. Fundi wangu alibadilisha plagi zote, kisha koili ya silinda ya 3, lakini hali ikabaki vilevile, ndipo akasema kontroli boksi, yaani kompyuta ya enjini, imekufa. Nilinunua ya mtumba kwa shilingi 280,000. Gari lilitulia siku nne, na siku ya tano, nikiikaribia Usa River, likaanza tena kumisi silinda ileile. Sasa anasema boksi ile ya mtumba ilikuwa mbovu, ninunue nyingine. Je, ninunue?
Msomaji, Boma Ng'ombe

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kwanza. Boksi mbili zilizotoka katika magari mawili tofauti ni vigumu mno kufa kwa silinda moja hiyohiyo kwa bahati mbaya tu. Ndani ya gari lako kuna kitu kinachoziua, na kisipopatikana, ya tatu nayo itakufa.

Mimi ningeanza na nozeli ya silinda ya 3, ambayo katika maelezo yako sioni mahali ilipoguswa. Nozeli ina nyaya mbili: mmoja unaleta volti 12 swichi inapofunguliwa, na mwingine unakwenda kwenye kontroli boksi, ambako transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, huufunga mzunguko kwenye ethi kwa muda mfupi sana ili nozeli ifunguke na kupuliza petroli. Nozeli nzima ya enjini yako ikiwa baridi husoma ukinzani wa omu 13 hadi 14 hivi, kwa hiyo umeme unaopita ni kama ampea 1 tu. Waya uliozungushwa ndani yake ukiungua na kuanza kugusana wenyewe kwa wenyewe, ukinzani unashuka hadi omu 2 au 3, na transista ile inalazimika kubeba ampea 4 au zaidi kila nozeli inapofunguka. Haifi palepale. Inapata joto, inavumilia siku kadhaa, kisha inaungua, na ndiyo maana boksi yako ya pili ilikupa siku nne za raha.

Niliwahi kufungua boksi ya gari la aina hiyo hapa Arusha, na kabla sijaona chochote nilisikia harufu ya kuungua. Kwenye bodi, vijipande vitatu vyeusi, ndizo transista za nozeli, vilikuwa safi, na kando ya cha nne palikuwa na doa la kahawia lisilozidi punje ya mtama. Tulipopima nozeli ya silinda hiyo, mita ilisoma omu 2.1. Mteja alikuwa amekwisha kununua boksi mbili. Iliniuma, kwa sababu kipimo kile hakichukui hata dakika tano.

Basi mwombe fundi wako apime ukinzani wa nozeli zote nne kwa maltimita, enjini ikiwa baridi na tena ikiwa ya moto, kwani nyingine hujificha zikiwa baridi. Yenye tofauti kubwa na wenzake itolewe. Nozeli zote zikiwa sawa, afuate waya wa silinda ya 3 kwa vidole hadi kwenye boksi, akitafuta mahali uliposuguliwa na chuma au kutafunwa na panya, kwa sababu waya huo ukigusana na wenye volti 12, transista itaungua vilevile. Apime pia chaji ya alteneta enjini ikinguruma. Inapaswa kuwa kati ya volti 13.5 na 14.7. Nyaya za ethi nazo zikazwe na kusafishwa. Na kama silensa ilichomelewa karibuni bila kuchomoa betri, mweleze, maana hilo nalo huharibu boksi.

Sisemi kwamba boksi haifi yenyewe. Mwaka 2010 Toyota iliita zirudi kwa matengenezo Corolla na Matrix zaidi ya milioni 1 nchini Marekani na Kanada, za modeli ya 2005 hadi 2008, kwa sababu ya nyufa kwenye risasi iliyounganisha vifaa vya bodi. Lakini gari lako halimo katika kundi hilo.

Chanzo kikishapatikana, mpelekee fundi wa elektroniki boksi yako ya kwanza abadilishe transista iliyoungua. Ndiyo iliyozaliwa na gari lako, na mara nyingi kazi hiyo ni nafuu kuliko kununua nyingine. Ikibidi kununua, linganisha namba yote iliyobandikwa juu yake. Tarakimu 89661 za mwanzo zinakwambia tu kwamba hiyo ni kompyuta ya enjini ya Toyota. Zile tano zinazofuata ndizo zinazotenganisha gia otomatiki na ya kawaida, na enjini moja na nyingine. Wakati wa kuifunga, fundi achomoe waya hasi wa betri kwanza, na asiguse pini kwa vidole.

SWALI: Nilibadilisha kontroli boksi ya Toyota yangu kwa yenye namba ileile kabisa. Gari linawaka sekunde moja na kuzima. Je, nimeuziwa mbovu?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Huenda ni nzima. Ikiwa ufunguo wako una chipu, boksi mpya haiutambui, kwa kuwa inakumbuka funguo za gari ilikotoka, hivyo inakata mafuta. Tafuta fundi wa umeme wa magari mwenye mashine ya kuoanisha, au anayeweza kuhamisha kumbukumbu kutoka boksi ya zamani kwenda mpya. Kwa magari mengi ya Toyota kumbukumbu hiyo imo katika chipu ndogo ya miguu minane. Kwa hiyo boksi ya zamani usiiuze chakavu wala kumwachia fundi wa kwanza. Nenda nayo mkononi, pamoja na funguo zote za gari.