Chanjo na barakoa kwenye meli za kitalii: uliza kwanza ni nani anayezidai

Msimu wa korosho ukiisha na malipo ya mnada yakishaingia, ndipo wageni wangu wanapoanza kubisha hodi. Kijana katoka Newala au Tandahimba, pasipoti anayo, hela kapewa na mjomba wake, na kuna wakala Dar es Salaam aliyemwahidi kazi kwenye meli ya kitalii. Ananikuta nyumbani Shangani, Mtwara, shikamoo kaka, marahaba, anakaa. Mshahara haulizi. Swali la kwanza ni hili: "Kaka, eti kule chanjo ya korona ni lazima?" Halafu la pili: "Na barakoa bado wanavaa?"

Nimeona niandike, maana jibu ni refu, na vijiweni jambo lenyewe linajadiliwa kwa hasira nyingi na habari kidogo. Mmoja anasema mwili ni wake, hakuna wa kumpangia. Mwingine anasema meli ina mwenyewe, hutaki shuka. Wote wawili wanaongea utadhani meli ni nyumba yenye baba mmoja. Sivyo, na kutolijua hilo ndiko kunakowalia vijana wetu hela.

Mimi nilikuwa dobi. Kwenye meli kubwa dobi yuko chini kabisa, ghorofa ambazo abiria hazijui, dirisha hakuna, mashuka yanashuka usiku na mchana. Kabini tulilala wawili kwenye dabodeka, na ukinyoosha mkono kitandani unagusa ukuta wa pili. Mesi ya kula ni ya wote, korido ni ya wote, na korido yenyewe mkipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Abiria ana kibaraza chake, anapigwa na upepo wa bahari. Wewe unayefua mashuka yake huna pa kujitenga hata ukitaka.

Wanaobisha kuhusu chanjo melini nawapa mfano wa Diamond Princess. Februari 2020 meli hiyo ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711: abiria 2,666 na wafanyakazi 1,045. Waliokutwa na virusi vya korona walifika 712. Abiria waliambiwa wabaki kabini. Wafanyakazi je? Waliendelea kupika na kupeleka sahani mlango kwa mlango, wakimaliza wanakula pamoja na kurudi kulala kwenye vyumba vyao vya pamoja. Karantini ilikuwa ya abiria. Watumishi walikuwa kazini.

Sasa angalia meli hiyohiyo ilikuwa ya nani. Bendera yake ilikuwa ya Uingereza. Kampuni iliyoiendesha ni ya Marekani. Bandari ni ya Japani. Unaona wakubwa ni wangapi? Bendera ina sheria zake. Meli nyingi za kitalii zimeandikishwa Bahama, Panama, Bermuda au Malta. Bandari ina sheria zake, na inaweza kukataa meli isifunge gati au mtu asishuke. Kampuni nayo ina masharti yake ya ajira. Kwa hiyo mtu akikwambia "melini chanjo ni lazima", au "melini siku hizi chanjo hawaulizi", muulize: nani anadai, kwa nani, na kwenye njia ipi? Asipojua, basi hajui.

Kisa cha Florida nakipenda kwa sababu kinawavuruga wabishi wa pande zote. Marekani ilisimamisha safari za meli za kitalii Machi 2020. Ziliporuhusiwa kurudi mwaka 2021, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, iliweka njia ya mkato: meli ambayo asilimia 98 ya wafanyakazi na asilimia 95 ya abiria wamekamilisha chanjo haikulazimika kufanya safari za majaribio kwanza. Tazama hizo namba vizuri, ya wafanyakazi ndiyo kubwa. Basi sisi tukatangulizwa. Mimi nilichanjwa huko huko bandarini, foleni ikiwa ya Wafilipino, Waindonesia, Wahindi na sisi Waafrika wachache.

Wakati huohuo, Mei 2021, Gavana wa Florida, Ron DeSantis, alisaini sheria ya kukataza biashara kumdai mteja uthibitisho wa chanjo, faini ikifika dola 5,000 kwa kila mteja. Huku kwetu tumezoea kusikia serikali inalazimisha na watu wanakataa. Kule ilikuwa kinyume: kampuni inataka chanjo, jimbo linaikataza kuuliza. Norwegian Cruise Line ikaenda mahakamani, na Agosti 2021 Jaji Kathleen Williams akaizuia sheria ile kwa muda isiiguse kampuni hiyo. Oktoba 2022 mahakama ya rufaa ikaupindua uamuzi wake. Na mwezi huohuo kampuni yenyewe ilikuwa imeshaondoa masharti ya Uviko kwa abiria wake! Mwaka mzima na zaidi mawakili wanalipwa, mwishowe hata sharti lenyewe halipo.

Lakini kijana wa Newala ashike neno moja hapo: sheria ile ya Mei ilizungumzia wateja. Nawajua watu waliosikia juu juu kwamba "Marekani wamekataza kuulizana chanjo", wakadhani na mwajiri hawezi kuuliza. Abiria ana gavana wa kumpigania, ana hela ya kuhamia kampuni nyingine. Wewe una mkataba wa miezi kadhaa, na umeandikiwa kwa herufi ndogo.

Msimamo wangu sitauficha. Kwa mtu anayekwenda kulala dabodeka chini ya maji, naona chanjo ni haki ya yule anayelala juu yako. Haizuii kila maambukizi, na aliyewaahidi watu kwamba inazuia yote aliwakosea. Inapunguza ugonjwa mkali, na katikati ya bahari hilo ni jambo zito, maana zahanati ya meli si Hospitali ya Rufaa ya Ligula. Hata Ligula yenyewe tunaijua inavyojaa. Abiria ni mjadala mwingine, hapo naelewa kuwa watu watatofautiana.

Huku nyumbani nako kulikuwa na yake. Mpaka katikati ya 2021 habari ilikuwa kujifukiza. Tarehe 28 Julai mwaka huo Rais Samia alichanjwa hadharani, chanjo zikaanza kutolewa, zile za Johnson & Johnson zaidi ya dozi milioni moja. Shangazi yangu wa Mikindani aliposikia nimechanjwa alinipigia simu akilia, kasikia sindano ile inafanya mtu kuwa tasa. Mtoto wangu wa mwisho kazaliwa 2023, na shangazi huyohuyo ndiye aliyekuja kumkanda mzazi. Hatujalizungumza tena.

Barakoa ni habari tofauti kabisa, na kosa kubwa la mjadala ni kuzifunga chanjo na barakoa fungu moja. Ukichanjwa, umemaliza kazi asubuhi moja. Barakoa unaivaa saa zote za zamu, na zamu ya meli si ya saa nane.

Mtu wa kusini hahitaji kufundishwa kuziba pua. Kwenye mikorosho tukipulizia salfa tunajifunga kitambaa hadi machoni na bado usiku unakohoa. Lakini salfa unajikinga wewe. Melini tuliambiwa barakoa ni ya kumkinga mwenzako zaidi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia: abiria anaivua ale, aivue anywe, aivue apige picha, na anayemhudumia kajifunga muda wote. Pale kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, mvuke unatoka, jasho linatoka, barakoa inalowa kabla hata ya mapumziko ya kwanza, inakung'ang'ania midomoni kila ukivuta hewa. Barakoa iliyolowa inatakiwa kubadilishwa, ndivyo hata Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Msimamizi wetu alikuwa anagawa kwa kuhesabu. Sasa hapo tunamkinga nani? Nilimwambia hivyo, akanijibu sheria ni sheria, kesho yake akaleta boksi zima akaliacha juu ya meza bila kusema kitu.

Kwa hiyo kwenye barakoa mimi nipo katikati. Kukiwa na mlipuko melini, kwa mgonjwa, kwa anayemhudumia, zahanati, kwenye korido ya kubanana: vaa, tena bila kusukumwa. Amri ya kuvaa kila mahali kwa miezi, bila hata kupewa za kubadilisha, hiyo ilikuwa ya kumfanya abiria ajisikie salama. CDC walifunga mpango wao wa Uviko kwenye meli Julai 2022, na tangu hapo barakoa ni uamuzi wa kampuni, na hurudi kukiwa na wagonjwa. Ukikuta amri hiyo, usigombane kuhusu kuvaa. Dai za kubadilisha.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao barakoa na ile dawa ya kupaka mikononi havikusaidii sana: tumbo la melini, norovirusi. Huo kinga yake ni kunawa kwa maji na sabuni. Ndio uliotusumbua miaka yote, kabla ya korona na baada yake, na hakuna aliyewahi kuandamana kwa ajili yake.

Turudi kwenye mfuko wako. Sindano utakayoulizwa kwa hakika kabla ya zote ni ya homa ya manjano, kwa sababu meli zinapita nchi zinazodai kadi yake. Kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usiende kuchanjwa jana ya safari. Na tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha yako yote. Kuna mawakala mpaka leo wanawaambia vijana kadi imeisha kwa sababu imepita miaka 10, walipie nyingine. Haijaisha. Hakikisha tu jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Huku kwetu mtu ni Hamisi kwenye kadi, Khamis kwenye pasipoti, na ofisa wa bandari ya watu hajui kwamba ni mtu mmoja.

Kuna wanaouza kadi bila sindano, na bei yao iko chini. Homa ya manjano haina dawa ya kuiua, inauguzwa tu. Na kadi ya kughushi ikigunduliwa, unaweza kurudishwa nyumbani na jina lako likabaki huko.

Ya pili ni surua. Watu wanacheka nikiitaja, wanasema huo ni ugonjwa wa watoto. Mwaka 2019 meli iitwayo Freewinds, yenye watu kama 300, ilizuiwa St Lucia kwa sababu ya mfanyakazi mmoja mwenye surua. Mmoja! Kampuni nyingi zinamtaka mfanyakazi athibitishe kuwa ana kinga. Basi kabla hujalipa popote, mwambie mama afungue lile sanduku lenye vyeti vya kuzaliwa atafute kadi yako ya kliniki. Ikipatikana umeokoa hela. Isipopatikana, uliza hospitali ya mkoa kuhusu kuchanjwa au kupimwa damu.

Uviko sasa hivi: abiria wengi hawaulizwi. Kwa wafanyakazi inategemea kampuni, kwa hiyo usinitegemee mimi, mwambie wakala akupe masharti ya afya kwa maandishi yenye jina la kampuni na meli. Wakala wa kweli anayo kwenye simu yake, atakutumia papo hapo. Wa ubabaishaji atakwambia "utaambiwa ukifika Dar".

Kijana mmoja wa Masasi alitozwa laki tatu za "chanjo maalumu ya meli". Hakuna kitu kama hicho. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa 2006 unasema baharia asitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kujigharimia ni cheti chake cha afya kinachotakiwa na sheria za nchi, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Cheti cha afya hakizidi miaka 2, kwa hiyo nacho usikikimbilie kabla mkataba haujaonekana, kitaanza kukuishia ukiwa umekaa Chikongola unacheza bao.

Na kama hutaki chanjo, ni sawa, sema mapema. Kama una mzio au maradhi, barua ya daktari ipatikane kabla ya kusaini, kampuni iamue ikiwa wewe uko kwenu. Kibaya ni kusema ndiyo kwa wakala, halafu hapana kwenye ngazi ya meli huko bandari ya watu. Nauli ya kurudi inaanza kujadiliwa hapo, na mjomba aliyekupa hela ya korosho hayupo.

Mafunzo ya usalama na kitabu cha baharia sijayagusa. Hayo yana vituko vyake, nitayaandika peke yake. Wenye kadi za manjano za kabla ya 2016 walioambiwa walipie upya, niandikieni hapa chini wakala alisema nini. Jina lake msiliweke.