Maswali Yenu: Vumbi la mbao na kansa ya pua

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni fundi fanicha hapa Keko, Dar, toka nimalize la saba niko kwenye randa na msasa, mninga, mkongo, siku hizi na emdiefu (MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi). Juzi wamekuja kutupima afya kazini, tukapigwa picha ya kifua, presha, macho, nikaambiwa niko fiti. Sasa jamaa mmoja ananiambia vumbi la mbao linaleta kansa, kweli? Na mbona vipimo havijaona kitu?

JIBU: Marahaba fundi. Ni kweli, na sio stori ya juzi. Miaka ya 60 kule High Wycombe, Uingereza, mji wa mafundi viti, daktari wa pua na masikio anaitwa Esme Hadfield alishangaa kansa ya ndani ya pua, ambayo ni adimu sana, inamjia mara kwa mara, na wanaokuja nayo wengi ni mafundi fanicha. Shirika la utafiti wa kansa la WHO likaja kuliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi, yaani vile vilivyothibitishwa kuleta kansa kwa binadamu, mwaka 1995. Hiyo emdiefu nayo gundi yake ina kemikali inaitwa fomaldihaidi, iko kundi hilohilo.

Sasa kuhusu vipimo. Sheria yetu Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe anapoanza kazi, akiwa kazini, na anapoondoka, ila picha ya kifua haioni pua, halafu kansa hii inachukua miaka 20 mpaka 40 kujitokeza, wakati huo bosi kashafunga karakana na wewe uko kijijini unalima. Ndo maana naona kipimo pekee hakitoshi, inatakiwa kumbukumbu. Finland toka 1979 mwajiri anapeleka majina ya wote wanaoshika visababishi vya kansa kwenye rejista ya taifa, basi hata ukihama kazi mara ngapi jina lako lipo.

Wewe anza na daftari lako: karakana gani, miaka gani, mbao gani, na nakala za majibu ya vipimo usimwachie bosi zote. Pua ikiziba upande mmoja haizibuki, au damu inatoka upande huohuo, nenda kwa daktari wa pua na umwambie KAZI YAKO, maana wengi hawaulizi. Na ile tabia ya kujipuliza na kompresa jioni acheni jamani, mnalirusha vumbi lote laini hewani mnalivuta upya, na barakoa ya kitambaa hailizuii.

SWALI: Bosi anatukata hela ya WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kila mwezi, anasema ndo bima yetu tukiugua kwa ajili ya kazi. Sawa?

JIBU: Si sawa hata kidogo. Mchango wa WCF anatoa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara wako. Tunza salary slip zinazoonyesha makato, nenda nazo ofisi ya WCF.