Betri Yako Mpya Iliuawa Siku Uliyoinunua

Ujumbe umetufikia kutoka kwa dereva wa bodaboda: "Wakuu, hii ni betri ya tatu tangu Januari, stata inagonga tu haizungushi. Nitajieni betri isiyo feki." Betri feki zipo, hatubishi. Ila aliyezika betri tatu kwa miezi michache aiulize kwanza pikipiki yake, halafu aiulize ile nusu saa ya mwanzo dukani.

Ukienda kununua usiseme "nipe betri ya Boxer." Nenda na ile mbovu mkononi, usome namba za ubavuni. YTX5L na YTX7L ukizitazama kwa juu ni pacha, karibu milimita 113 kwa 70, lakini moja ina kimo cha milimita 105 na nyingine 130. Muuzaji akikwambia saba ni bora kuliko tano, pima kwanza nafasi iliyo chini ya siti, maana kichwa cha chanya (pale unapofungwa waya wa chanya) kikigusa chuma ni shoti hapohapo. Hata herufi ina kazi yake. YTX7L, vichwa vikikutazama, chanya iko kulia. YTX7A iko kushoto, na umbo lake ni jingine kabisa. Wapo wanaovuta nyaya kwa nguvu hadi zifike. Siku zikifungwa kinyume, mwenye bahati anaunguza fyuzi, asiye na bahati anaunguza regyuleta, kifaa kinachodhibiti chaji inayoingia kwenye betri.

Ya maji au ya kufungwa? Kama hufungui kava kila mwezi kutazama kama maji yapo kati ya alama ya juu na ya chini, chukua ya kufungwa. Ukichukua ya maji, yakipungua ongeza maji ya betri yasiyo na asidi. Asidi huwa haipungui, kinachokauka ni maji. Na ule mpira mwembamba wa hewa usibanwe popote.

Sasa mauaji yenyewe. Betri nyingi za kufungwa huja kavu, pamoja na chupa yenye midomo sita. Asidi hiyo imepimwa kwa betri hiyo tu, kwa hiyo usikubali mabaki ya chupa nyingine. Chupa inageuzwa na kukandamizwa yote kwa pamoja, na mapovu yapande katika midomo yote sita. Mdomo usiotoa mapovu, gonga chupa taratibu. Ikiisha, iache betri itulie angalau nusu saa kabla ya kitu kingine chochote. Fundi mwenye haraka hufunga vizibo, huifunga betri kwenye pikipiki, hukanyaga kiki, hupokea hela. Hapo imejaa kama asilimia 80 tu, na safari fupi fupi za kijiweni hazitaijaza zilizobaki. Salfa inaganda kwenye bamba zake, na baada ya miezi miwili unamtukana muuzaji.

Kwa hiyo chaji kabla ya kuifunga kwenye pikipiki, vizibo vikiwa vimewekwa juu bila kukandamizwa. Kipimo ni sehemu moja ya kumi ya ujazo, ule unaoandikwa Ah (ampea kwa saa): betri ya Ah 5 ipewe nusu ampea, ya Ah 7 ipewe 0.7, kwa saa 5 hadi 10, mahali penye hewa, mbali na sigara na jiko. Chaja ya betri za gari inayosukuma ampea 5 au 10 itaichemsha. Ukiigusa ubavuni ukaona mkono hauvumilii, zima. Ikimaliza, iache saa moja au mbili bila kuigusa, kisha weka mita. Ya kufungwa isome volti 12.8 au zaidi, ya maji 12.6. Ikisoma chini ya 12.5, irudishe kwenye chaji. Baada ya hapo kandamiza vizibo, na usivifungue tena maisha yake yote.

Kutoa, anza na hasi. Kufunga, malizia na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu utaona cheche usizozisahau.

Ikishafungwa, washa injini, washa taa, vuta moto wa wastani, upime kwenye vichwa vya betri. Inatakiwa kati ya 13.5 na 14.8. Ikiwa chini ya 13, tazama soketi ya regyuleta kama imeungua, kisha koili ya chaji. Ikipita 15, regyuleta imekufa: betri ya maji itakunywa maji kila wiki, ya kufungwa itavimba. Hakuna betri duniani itakayostahimili hilo, hata ungenunua ya bei gani.

Na hizo taa za ziada, redio, kengele ya wizi? Kengele inayokula miliampea 50 pikipiki ikiwa imelala inamaliza Ah 5 kwa saa 100, yaani siku nne na ushee. Zima swichi, chomoa hasi, weka mita ya ampea kati ya waya na kichwa cha betri, usome. Ila usipige stata mita ikiwa hapo, itaungua.

Ndugu uliyetuandikia, tutumie namba mbili: volti injini ikiwa imezimwa tangu usiku, na volti ikiwa imewaka na taa zimewashwa. Jina la betri tutalizungumza baadaye.