Je, Nimwache Mume Asiyeamini? Jibu kutoka Korintho

SWALI: Mhubiri mmoja ametufundisha kwamba Paulo aliwaagiza Wakorintho watengane na wasioamini kwa sababu mji wao wa bandari ulikuwa umeoza. Mume wangu haamini, lakini hanizuii kwenda ibadani na anawasomesha watoto wetu. Je, nimwache?

JIBU: Dada mpendwa, usimwache. Nasikitika kwamba umetwishwa mzigo huu kwa jina la Paulo, ambaye katika 1 Wakorintho 7:13 anamwambia mwanamke aliye katika hali kama yako kwamba, mumewe akikubali kukaa naye, asimwache.

Ni kweli Korintho ilikuwa na bandari mbili, Lekaio iliyoelekea Italia na Kenkrea iliyoelekea Asia, na kila meli ilishusha watu pamoja na miungu yao. Warumi waliubomoa mji huo mwaka 146 KK, na Julius Caesar akaufufua mwaka 44 KK kwa kuleta walowezi, wengi wao watumwa walioachwa huru. Paulo alikaa humo mwaka mmoja na nusu, akishona mahema nyumbani kwa Akila na Priskila, kwa hiyo aliijua vizuri nyumba ambamo mke amebatizwa huku mume akiendelea kuabudu sanamu, na nyama iliyo mezani huenda imetoka hekaluni. Kama uovu wa mji ungetosha kuvunja ndoa, ndoa hizo ndizo angezivunja. Badala yake anasema mume asiyeamini hutakaswa katika mkewe.

Mhubiri huyo anarudia kosa ambalo Paulo mwenyewe alikwisha kulisahihisha. Wakorintho walipodhani amewakataza kuchangamana na waovu wote wa dunia, aliwajibu (5:10) kwamba hapo ingewalazimu kutoka duniani kabisa! Nao wanaokimbilia 2 Wakorintho 6:14, kwamba tusifungiwe nira pamoja na wasioamini, waisome sura nzima: haitaji ndoa, wala haimwamuru yeyote kuvunja ndoa aliyo nayo. Kumpokonya mtoto baba yake kwa mstari ambao hausemi hivyo ni dhuluma.

Akianza kukupiga au kukuzuia kusali, hilo ni jambo jingine, maana huyo hajakubali kukaa nawe kwa amani. Usinyamaze, tafuta msaada mapema. Kwa sasa, usichukue fedha ya matumizi ya nyumbani kutoa sadaka kwa siri, usimhubirie kila jioni arudipo amechoka, wala usimdharau mbele ya watoto. Na siku akikuuliza unaamini nini, mjibu kwa upole.