Jibu: Shule ya Rhydfelen ilianzaje, na "gyfun" ni nini?

Ndugu, umeuliza shule ya sekondari ya lugha mbili ilivyoanza kusini mwa Wales, na neno "gyfun" lina maana gani.

Nianze na neno. "Ysgol" ni shule (na pia ngazi ya kupandia). "Cyfun" ni shule inayopokea watoto wote bila kuwachuja kwa mtihani. Kwa kuwa "ysgol" katika Kiwelshi ni jinsi ya kike, C ya mwanzo inalainika kuwa G: Ysgol Gyfun. Sisi tuliozoea ngeli, mzuri na kizuri, hatuna sababu ya kushangaa.

Kaskazini ndiko walikotangulia: Glan Clwyd ilifunguliwa Rhyl mwaka 1956, kisha Maes Garmon mjini Mold, 1961. Rhydfelen, karibu na Pontypridd, ilifuata 1962 ikiwa na wanafunzi 80 hivi, mwalimu mkuu akiwa Gwilym Humphreys.

Ugumu mkubwa ulikuwa sayansi na hesabu. Vitabu na istilahi za Kiwelshi vilikosekana, kwa hiyo masomo hayo yalianza kwa Kiingereza, huku historia na jiografia zikifundishwa kwa Kiwelshi. Ndiyo maana ziliitwa shule za "lugha mbili". Kwa maoni yangu wazazi ndio wanaostahili heshima kubwa zaidi, maana wengi wao huko kusini hawakuzungumza Kiwelshi nyumbani.

Ukitafuta jina Rhydfelen leo hutaipata: mwaka 2006 ilihamia Church Village, ikawa Garth Olwg.