Unga wa nafaka kumi na mbili hautainua kilo za mtoto

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, bado ananyonya. Kilo zake kwenye kadi ya kliniki zimesimama miezi miwili sasa. Mimi nauza vitumbua, baba yake ni saidia fundi, siku nyingine nyumbani tunapika mara moja tu. Dada mmoja anayetengeneza unga wa lishe ameniambia wa nafaka nne ninaotumia ni dhaifu, nichukue wake wa nafaka kumi na mbili. Bwana mwingine amempima mtoto kwa mashine, akasema ana upungufu wa zinki na damu, akaniachia kopo la virutubisho la shilingi 65,000 nilipe kidogo kidogo. Nishike kipi? Au lishe bora ni ya wenye nazo? (Mama, Mbagala)

JIBU: Usishike chochote kati ya hivyo viwili, mama. Na mimi si daktari, ni afisa lishe.

Mtoto arudi kliniki wiki hii. Kilo zikisimama miezi miwili huenda kuna homa za mara kwa mara, kuharisha au UTI, na hayo hayatibiwi na unga wowote. Ukiwa hapo uliza kama ameshapata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Ni bure.

Sasa huo unga. Nilipoanza kazi hii watu walichanganya mahindi, ulezi, soya na karanga. Siku hizi naletewa pakiti yenye mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, ulezi, soya, karanga, korosho, mbegu za maboga na ubuyu juu yake, na muuzaji anahesabu majina kama anayetangaza wachezaji wa timu. Mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele na ulezi ni kundi moja la chakula. Ukizisaga zote pamoja umempa mtoto kundi moja, kwa bei ya juu. Shirika la Afya Duniani linahesabu makundi 8 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, na linataka apate angalau 5 kila siku. Maziwa yako ni kundi la kwanza. Ugali wa dona ni la pili, maharage yaliyopondwa la tatu, dagaa la nne, kipande cha papai bivu la tano. Matano yametimia, na hujaenda dukani kwa yule dada.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mchanganyiko wenyewe una hatari zake. Soya mbichi ikisagwa bila kuchemshwa kwanza inazuia mwili kuyeyusha protini, yaani kile kile ulichokinunulia. Karanga zikisagwa ndani ya unga, mafuta yake yanachacha baada ya muda mfupi. Halafu kuna sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Karanga au hindi lenye ukungu unaliona ukichambua kwa mkono. Likishasagwa hulioni tena, na sumu yake haiondoki kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Unaponunua unga uliosagwa na mtu usiyemjua, umemkabidhi yeye kazi ya kuchambua.

Kwa hiyo tumia nafaka moja, dona au ulezi, upike uji mzito unaokaa kijikoni. Uji mwepesi unajaza tumbo maji, na tumbo lake ni dogo. Karanga chambua mwenyewe, kaanga, twanga kidogo kidogo, utie wakati wa kupika. Dagaa nunua wa Mwanza waliokaushwa kwenye chanja, maana wa mchangani utawaosha mpaka uchoke. Kaanga bila mafuta, twanga, na kijiko kimoja kiingie kwenye mboga yake. Mchicha, matembele au majani ya maboga, chochote kilicho rahisi siku hiyo, tia mafuta kidogo. Kamulia ndimu kwenye maharage, inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi asipewe kabisa, maana inayazuia hayo hayo madini. Na mama mwenye kuku asiuze mayai ili anunue biskuti na juisi ya unga. Hilo naliona hata kwa walimu.

Sitakudanganya kwamba haya yote ni bei ya bure. Siku mnayopika mara moja, wewe na baba yake mtalala na njaa, na ushauri wangu hauongezi sufuria ya pili. Lakini kwenye sufuria hiyo hiyo moja mtoto atengewe sahani yake, apate maharage na dagaa kabla mchuzi haujagawanywa kwa wakubwa.

Na hizo mashine za kupima mwili mzima, jamani. Mtu anashikishwa kipande cha chuma chenye waya, kompyuta inatoa kurasa kadhaa: ini limechoka, zinki imepungua, sumu imejaa. Upungufu wa damu unapimwa kwa tone la damu. Zinki haipimwi kwa kiganja. Nimeona karatasi hizo mikononi mwa wajawazito, wazee wa kisukari, vijana wazima kabisa, na sijaona hata moja iliyomwambia mtu hana tatizo. Inawezekanaje, wakati aliyeshika mashine ndiye mwenye makopo? Wengine wanavaa koti jeupe, wanajiita wataalamu wa lishe, na masomo yao ni semina ya siku mbili ya kampuni inayouza dawa hizo hizo. Mama anaacha kununua maharage ili amalize deni la kopo, mtoto anazidi kupungua, kisha anaambiwa dozi haikutosha, aongeze la pili.

Kama kopo lako halijafunguliwa, mrudishie leo. Kama limefunguliwa, usimpe mtoto, na kadi ya kliniki usimpe huyo bwana aiandike chochote.